Mizani ya Wifi

Kijibwa cha binti yangu tulikitoa Migori. Kilikuwa cha ile aina ya kubebwa mapajani, manyoya meupe, mwili wa kutoshea ndani ya sufuria, na kilizaliwa na ngiri kitovuni. Daktari wa mifugo hapa Homa Bay alinishauri tungoje kikue. Alisema wadogo hivi dawa ya usingizi inaweza kuwaua kabla ya kisu, na ngiri yenyewe bado ilikuwa inarudi ndani ukiibonyeza. Nikangoja. Asubuhi moja nikaikuta imekuwa ngumu, kijibwa kinatapika. Daktari akasema utumbo umenaswa: kukipasua ni hatari, tusipokipasua kitakufa tu. Nikakubali.

Alitaka uzito kamili, na mizani yake ilikuwa ya ndama. Nikamwita wifi yangu, dada ya mume wangu, anayeuza omena mkabala na pale. Akaja na mizani yake, wateja wake wakimfuata kuona mbwa akipimwa kama samaki. Mmoja akauliza kama kichwa kinauzwa kando.

Daktari hakucheka. "Mama, hii mizani ni ya kweli? Kwa mwili huu, kosa dogo tu linakuwa dawa nyingi."

"Ni ya kweli," wifi akasema.

Kijibwa kililala, hakikuamka. Wifi ndiye aliyembeba binti yangu hadi nyumbani, akimfuta machozi kwa leso yake, akimwambia waya yuko hapa. Waya ndivyo mtoto anavyomwita shangazi yake. Nami nikamshukuru. Hapo ndipo panaponichoma.

Baadaye nilipitia kibandani kwake nikitoka dukani. Akiwa anafunga omena, nikaweka pakiti yangu ya sukari juu ya mizani, mchezo tu. Kilo moja, haijafunguliwa. Mshale ukapita moja, ukasimama kwenye moja na robo.

Hata hakukana. Akasema kila mtu hapa sokoni anaikaza kidogo, kwani mimi ni mgeni hapa, nisijue hilo? Halafu siku ile wateja walikuwa wamesimama pale. Angesema nini mbele yao?

"Ungeninong'oneza, wifi. Sikio langu lilikuwa hapo tu."

Akaendelea kufunga omena. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa na karai, anangoja kupimiwa. Nikamwambia atafute mizani kwingine. Kisha nikaenda kwa daktari, maana yeye bado alidhani ni mkono wake uliokiua kijibwa.