Majivu ya Bustani ya Nkambo

Matanga ya nkambo yetu, mama wa mama, yalipokwisha, dada yangu alisafisha mbabula, lile jiko la makaa, akamwaga majivu jalalani. Nilimfokea mbele ya wageni. Baadaye niliona haya. Angeyapeleka wapi?

Zamani, kwetu mtaani Dilala, majivu hayakutupwa. Kila asubuhi sisi watoto tulipita nyumba kwa nyumba na ndoo kuyaomba. Nkambo aliyachekecha, akayakataa yenye harufu ya plastiki. Kabla ya mvua ya kwanza alichota udongo wa bustani yake kando ya kijito, akaugusa kwa ulimi, akatema. Ukiwa mchachu, tulinyunyiza konzi moja kila hatua, tukachanganya kwa jembe, tukangoja. Ndipo alipopanda lengalenga, mchicha wa kwetu.

"Mama, weye unapikiaka udongo?" jirani alimtania.

"Udongo njo inakulaka mbele," alimjibu. "Weye utakula kisha."

Naye jirani alikula, tena kwa sahani kubwa.

Kisha mvua moja ilisukuma maji makali ya kiwanda cha madini kilicho jirani hadi kijitoni. Ndani ya siku mbili mboga zote ziliungua. Nkambo alionja udongo, midomo ikamvimba. Mtu wa kiwanda akaleta magunia ya chokaa. "Mwaga hii, mama, udongo itapona." Hakushuka hata garini.

Nkambo aliimwaga chokaa ile kama majivu yake, kwa konzi na kwa subira. Msimu uliofuata ulimi wake ulimwambia uchachu umekwisha. Lengalenga ikaota nene, ya kijani kabisa. Tulikula hadi mvua zikaisha, yeye akituongezea. Ndipo muuguzi wa mtaa alipotuambia tuache. Uchachu ulitoka, alisema, lakini sumu ya madini ilibaki, na ile haina ladha.

Nkambo aling'oa kila shina kwa mikono yake. Hakulima tena. Siku hizi tunanunua mboga zinazotoka mbali, Lubudi, zikifika zimenyauka.

Sisemi kwamba mboga zile ndizo zilizomuua. Alikuwa mzee, nami si daktari. Nasema nilichosikia. Wiki yake ya mwisho alituita kitandani.

"Munisamehe, batoto. Mi njo niliwapatiaka zile mboga."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Wenye maji yale hawajafungua kinywa hadi leo. Walimwachia hatia yao, akaibeba mpaka kaburini.