Jina la Orbache

Pasca alijua kufuma orbache, na ujuzi huo ndio uliomponza. Sufu ya kondoo weusi, ikishafumwa, hulowekwa maji moto na kukanyagwa kwa miguu kutwa nzima mpaka nyuzi zishikane, mvua isipenye. Kijijini kwao, milimani Sardinia, mchungaji asiye na koti la orbache watu walimuuliza kama hana mama.

Kisha chama kilichotawala kikaitaka orbache kwa sare za watu wake. Pasca akawafumia, tena kwa maringo, maana jina la kitambaa cha kwao lilikuwa likitajwa redioni. Wenye sare hizo ndio waliokuja kumburura mumewe, Bachis, hadi uwanjani kwa sababu ya ulimi wake mkali, wakamnywesha mafuta ya nyonyo chupa nzima. Hakupona.

Vita vikaisha, chama kikaanguka, jina la orbache likabaki linanuka. Mtoto wao, Boele, akawa anachunga wakati wa baridi na koti jembamba la askari, la mtumba. Pasca alimfumia la orbache. Akalikataa.

Pasca akaenda kwa padri, mtu wa vitabu, akarudi mbio nusura kiatu kimtoke.

"Boele, sikiliza! Padri kasema neno hili lilitoka kwa Waarabu, zamani huko. Maana yake kitambaa. Kitambaa tu, mwanangu!"

"Kwa hiyo Baba aliuawa na Waarabu?"

"Acha kejeli. Nakwambia jina halina kosa."

"Ya jina siyajui, Mama. Walipombana Baba pua, sufu yako ndiyo iliyokuwa usoni kwake. Niliona."

Pasca akalichukua koti. "Theluji inakuja."

"Na ije."

"Basi livae huko juu malishoni. Nani atakuona?"

"Nitajiona mwenyewe."

Akatoka. Pasca alimfuata hadi langoni, koti mkononi. Alitaka kumtupia begani, akaogopa asije akalibwaga matopeni, akasimama pale pale. Woga wa kijinga, na aliujutia maisha yake yote.

Theluji ilimkuta Boele malishoni. Wenzake walimteremsha juu ya punda, kifua kimembana, na kabla ya Jumapili akakata roho. Jirani yao Mallena, aliyekuja kumwosha, alikuta koti la orbache limetandazwa kitandani tayari.

"Dada Pasca, usimvishe," akasema taratibu. "Alilikataa akiwa na kauli yake."

Akazikwa na lile jembamba.

Walipotoka makaburini Pasca alichukua mkasi, akakata pindo la koti, akatafuta ncha ya uzi alifumue. Sufu ni sufu. Ingekuwa soksi, ingekuwa chochote chenye jina lingine. Alivuta kwa kucha, akavuta kwa meno. Hakuna uzi uliotoka. Alikuwa amelikanyaga vizuri mno.