Nilimvuta mama mkwe asimame, kumbe nyonga ilikuwa imevunjika

Admin, ficha jina langu na mtaa wetu, maana majirani wetu wanasoma hapa. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Bukavu, nimeolewa ng'ambo ya mpaka, hapa Rusizi, na ninauza vitenge sokoni Kamembe. Tuna watoto wawili.

Mama mkwe wangu aliishi peke yake kilimani Mururu, akilima maharage. Kusema kweli hatukuwa tunapendana. Mara nyingi alimpigia mume wangu simu kwamba amezidiwa, tukipanda kilima mbio tunamkuta anapalilia. Nikazoea kusema, huyu mama hana ugonjwa, anatafuta mtoto wake tu.

Miezi mitatu iliyopita alikuwa anatoka kanisani, pikipiki ikamgonga. Hospitalini kila mtu alishughulikia kichwa kilichokuwa kinavuja damu na mkono uliovunjika. Wakamshona, wakamfunga plasta. Yeye alikuwa anashika kinena, analia kwamba na huku kunauma. Wakampiga radio, ile picha ya mifupa, ya nyonga. Haikuonyesha kitu.

Siku ya kutoka, mume wangu alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Daktari, kijana mpole, akanivuta pembeni. Akasema, "Maman, mfupa wa nyonga kwa mzee unaweza kuwa na ufa ambao picha ya kwanza haiuoni. Asikanyage mguu huo. Maumivu yasipopungua ndani ya siku chache, mumrudishe tupime tena." Hakuandika popote, alisema tu kwa mdomo. Niliitikia. Moyoni nikasema, kumbe huyu mama amemdanganya mpaka daktari. Mume wangu sikumwambia neno.

Tulimleta kwetu. Mume wangu anafanya kazi Bukavu, anavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana nilibaki naye mimi. Hakutaka kutoka kitandani. Biashara yangu ilikuwa imesimama, nikachoka.

"Mutoto yangu, muguu inakataa. Mie siko nacheza."

"Maman, hata radio ilisema hakuna kitu! Bantu ba umri yako bakilala sana banakufia mu kitanda."

Siku ya tisa nilimshika kwapani nikamvuta. Alipiga hatua tatu akinibana bega. Halafu nikasikia kitu kinalia ndani ya mwili wake, akaniangukia. Nilipomlaza chini niliona mguu ule umekuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umegeukia nje. Jamani, ile sauti aliyolia siwezi kuiandika.

Tulimrudisha hospitali, na picha mpya ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika kabisa. Daktari mwingine, mtu mzima, akauliza, "Nani alimsimamisha?" Mume wangu akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kutoka kitandani, "Ni mie mwenyewe. Nilitaka kwenda choo. Uyu mutoto hakukuwa mu nyumba."

Alinidanganyia. Mimi niliyemwita mwongo miaka yote hii.

Alifanyiwa operesheni, lakini mpaka leo hasimami bila kushikwa watu wawili, na wametuambia kulima kilimani basi tena. Namwogesha, namgeuza, ananiambia asante. Siku moja nilipiga magoti nianze kuomba msamaha, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Bwana yako akijua atakufukuza, na batoto batateseka."

Sasa mume wangu amemshtaki yule daktari kijana kwa wakubwa wa hospitali, kwamba alimruhusu mama bila kuona ufa na bila kutuonya. Juzi tulikutana naye kwenye korido. Amekonda. Akaniuliza taratibu, "Maman, nilikuambia ama sikukuambia?" Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Nikajibu, "Sikumbuki." Yule kijana aliinamisha kichwa akaondoka.

Wiki ijayo tumeitwa sote mbele ya wakubwa, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nikisema kweli, ndoa yangu imekwisha, na mama ataonekana mwongo mbele ya mtoto wake kwa sababu ya kunisitiri. Nikinyamaza, ninamzika mtu aliyefanya kazi yake. Silali. Ninyi mlio mbali na nyumba yangu, nisaidieni kufikiri: nikiingia pale, niseme nini?