Neno Nililopewa na Mwalimu Yohana

Kanzu iliyonyunyizwa maji ya wanga, ikiguswa na chuma cha moto, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Si harufu ya chakula, lakini mimi ilikuwa ikinitia njaa. Ndiyo harufu ya nyumba yetu, Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Mamangu alikuwa akipiga pasi kanzu za watu wa mtaa kwa pasi ya makaa, ile yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye kifuniko. Alianza shingoni, penye tarizi, tena upande wa ndani ili nyuzi zisilale, kisha mikono, kisha mwili. Ukimkatiza alikuwa anaghadhibika, kwa sababu kanzu ikipoa katikati hufanya mkunjo usiotoka tena. Mimi kupiga pasi sikuwahi kujua sawasawa hata leo. Wajukuu zangu hutoka na nguo zina mistari mitatu mitatu, na watu wakiwacheka wanajua pa kupeleka lawama.

Lakini si pasi hiyo niliyotaka kuieleza, au niseme ndiyo na siyo. Mwaka ule nilikuwa darasa la mwisho la msingi, skuli moja upande wa Tononoka, na Kizungu alitufundisha Mwalimu Yohana, mtu wa bara, mrefu, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa hata kwenye jua la saa saba. Alikuwa na mtindo wake. Kila mwanafunzi alimpa kitenzi kimoja cha Kizungu akilee kwa muhula mzima, akiulize kinafanya kazi gani na gani, kama mtu anavyomchunguza mpangaji mgeni. Mwenzangu mmoja alipewa kukimbia, mwingine kuvunja. Mimi nilipewa pasi, ambayo Waingereza huiandika kwa esi mbili mwishoni. Nikasimama nikasema hicho nakijua, nyumbani tunacho, kina jogoo. Darasa likacheka. Mwalimu akasema hapana, hicho ni kingine, akaanza kuniandikia ubaoni: kupita mahali, kumpitishia mwenzako chumvi mezani, kufuzu mtihani, wakati kwenda zake. Mwisho akasema Waingereza wenye adabu, mtu akifa, hawasemi amekufa, husema amepita. Babangu alikuwa amezikwa wiki mbili tu nyuma. Nikauliza, "Kwa hivyo babangu amepasi?" Mvulana wa nyuma akadakia, "Amepasi daraja la kwanza!" Wote wakaangua kicheko. Mwalimu hakumpiga yule mvulana. Alikaa kwenye kiti chake, akasubiri mpaka kicheko kikawaishia wenyewe, kisha akaniambia polepole, "Ndiyo, Mwanaisha. Amepita. Na wewe utapita, kwa maana ile nyingine." Tangu siku hiyo nikaona nina deni na yule mtu, na mtihani ule nikauona kama ahadi niliyompa mbele ya watu.

Hivi majuzi nilimwambia mjukuu wangu Rukia anitafutie kwenye simu neno hilo limetoka wapi. Nami ni mtu wa kuuliza vitu vya ajabu, wamenizoea. Akasoma, akanitafsiria kwamba Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa watu wa kale waliosema Kilatini, na huko mwanzo kabisa lilikuwa jina la hatua, hatua ya mguu. Akaendelea akasema hata neno pasi ya nguo, wanaodhani wanajua wanasema tuliachiwa na Wareno, na Wareno nao walilitoa huko huko kwa watu wa Kilatini. Basi kumbe pasi ya mama na pasi ya Mwalimu Yohana ni watoto wa tumbo moja, waliokuja pwani kwa vyombo tofauti, wakakaa mji mmoja wasijuane. Jambo hilo lingemfurahisha sana yule mwalimu. Nilikaa siku nzima nikitafuta wa kumwambia.

Sasa nirudi. Ili ukalie mtihani ilikuwa lazima fomu itiwe dole gumba na mzazi. Mwalimu mkuu alikuwa amechoka na watoto waliojitia wenyewe wakadai ni la baba, kwa hivyo mwaka ule akataka dole litiwe mbele ya mwalimu, mwisho Ijumaa. Na mamangu alikuwa edani. Kwa asiyejua, mwanamke akifiwa na mume kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamwoni. Aliyebaki ni Ami Athmani, ndugu wa babangu, na yeye alikwisha kusema kwamba msichana akijua kuandika jina lake yatosha, sasa awekwe ndani angoje posa. Ningempelekea fomu angeichana. Kwa hivyo nilimfuata mwalimu, nikamwambia mama hawezi kuja, yuko edani. Akaniuliza, "Ni mgonjwa?" Nikajibu, "Si mgonjwa, amekaa tu." Akasema, "Basi nitakuja mimi nyumbani. Nimpe pole, atie dole, tumalize." Hapo ndipo nilipopaswa kusema la. Nilijua. Mtoto wa kwetu wa miaka sita angejua. Badala yake nilimwambia, "Njoo wakati wa alasiri, mwalimu. Ami anakuwa msikitini."

Na mama sikumwambia. Niliona nikimwambia atakataa, lakini fomu ikishafika mlangoni hatakuwa na la kufanya. Niliweka kiti ukumbini, nje ya pazia la chumba chake, nikajipangia kichwani kwamba mwalimu atakaa pale, mama atatoa kidole tu chini ya pazia, na dunia haitajua. Alhamisi alasiri akaja, viatu vinang'aa, ameshika kilo ya sukari na mkate uliofungwa kwa gazeti. "Hodi!" Nikasema, "Karibu mwalimu," nikamwonyesha kiti. Baadaye sana, nilipokaa na majirani wa bara, ndipo nikajua kwamba kwao aendaye kwenye msiba huingia mpaka alipo mjane, akamshika mkono. Anayebaki nje ni kama ana kinyongo naye. Kile kiti alidhani ni cha kuwekea vitu. Akaweka sukari juu yake, akavuta pazia, akaingia na mkono mbele, "Mama, poleni sana na msiba." Mamangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, leso moja kifuani, nywele wazi, anapiga pasi kanzu ya Ami Athmani. Hakupiga kelele. Aliiacha pasi pale pale, akajirusha kwenye kona, akajifunika uso kwa nguo za watu zilizokuwa kapuni. Mwalimu akabaki amenyoosha mkono, na mimi nikabaki nimeshika fomu, na kanzu ikaanza kutoa moshi.

Watu wa barazani walikuwa wamemwona akiingia, na Ami alipotoka msikitini walimpokea na habari. Akaja mbio. "Wewe bwana! Hujui nyumba ya msiba?" Mwalimu akasema, "Nimekuja kutoa pole, mzee." "Pole hutolewa nje! Humu ndani mna mjane!" Dirishani kwa jirani mwanamke akapaza sauti, "Wa bara kaja kuposa mapema, asije akapitwa!" na wenzake wakacheka. Ndipo mama, toka kule chini ya nguo, akauliza kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, "Nani kamwambia aje? Mwanaisha, ni wewe?" Ami akanigeukia. Nikasema, "Sijui, mama. Kaja mwenyewe." Mwalimu Yohana akanitazama. Nilidhani atanitaja, na hata sasa nasema angekuwa na haki. Akasema, "Ni kweli, mzee. Nimekuja mwenyewe. Kosa ni langu." Akainama kidogo kuelekea kona aliyokuwa mama, akatoka, na sukari yake ikabaki kwenye kiti. Ami akaninyang'anya fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Skuli imekwisha," akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Yaliyofuata sitayarefusha, yananichoma. Ami na wazee wawili walikwenda kwa mwalimu mkuu kushtaki, na wiki ya pili nikasikia mwalimu ameonekana Mwembe Tayari na begi lake, anapanda basi la bara. Mama aliambiwa na wanawake wa mtaa kwamba eda yake imeharibika, ameonwa na mwanamume kichwa wazi, na hakuwa na wa kumwuliza kwa sababu hatoki. Alikuwa amekwisha kukaa zaidi ya miezi miwili. Akaanza upya, siku ya kwanza. Nimekuja kuuliza uzeeni, nikaambiwa hapakuwa na haja hata kidogo, siku zake zilikuwa ziko pale pale. Miezi miwili na kitu mamangu alifungiwa bure, na kila jioni nilimpelekea maji ya kutawadha, na kila jioni niliweza kusema. Kuna siku alinishika kifundo cha mkono akasema, "Yule mwalimu wako hakuwa na uso wa mtu mbaya." Nikasema, "Sijui, mama." Akaniachilia. Amefariki akiwa mzee wa kuongozwa njiani, na sijui kama alijua.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa juu, nyuma ya mbao za dirisha, nikiwatazama wenzangu wakipita na penseli mpya, yule mvulana wa nyuma akiwa mbele yao wote, amepaka mafuta mpaka masikioni. Nasikia alifeli. Siku hizi mambo ni mengine. Rukia mtihani aliandikishwa kwa kompyuta, mwalimu wake huzungumza na mamake kwa simu, na kama kuna mjane ndani, simu haivuti pazia. Nafurahi, sisemi uongo. Lakini watu wakiniuliza mbona mimi sikuendelea na skuli, huwajibu miaka yote hii, "Nilifeli." Mume wangu alifariki akiamini hivyo, na wanangu wanaamini hivyo, hunitania. Juzi matokeo yalipotoka, kijana wa jirani alifeli, akaketi kwenye ngazi yetu akalia mpaka akatapika. Mamake akaniomba, "Bi Mwanaisha, mwambie kitu, wewe yalikufika." Nikaenda nikakaa karibu naye, nikamshika bega, na sikupata neno, kwa sababu nilikuwa nikimwonea wivu. Yeye aliulizwa, akajibu, akakosa. Mimi niliulizwa swali moja tu mwaka ule, na mamangu, na jibu lake nilikuwa nalijua.