Muhuri wa Simu na Sauti ya Bibi

Nilinunua simu ile Musoma, na pamoja nayo nikakata mpango wa ulinzi ambao duka huwauzia wateja wa laini za vocha kama mimi. Masharti yalikuwa kurasa tatu. Niliyasoma palepale nikiwa nimesimama, nikayasoma tena nyumbani Butiama, kalamu nyekundu mkononi. Shule sikufika mbali; mengi nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo naogopa mno kuonekana sijaelewa. Nilipomaliza niliweza kumweleza mtu yeyote: kioo kikipasuka wanahudumia, maji yakiingia wanahudumia, ikiibwa hawahusiki, na ile stika ndogo ya muhuri nyuma ya simu isiguswe na fundi wa nje. Ikivunjwa tu, ulinzi umekufa.

Nilijivunia muhuri ule. Nasema hivyo kwa aibu.

Miezi michache baadaye nilikaa na bibi jikoni kwake, nikamrekodi. Dada yangu, aliyeolewa Bunda, alikuwa mjamzito, na kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Si kila marehemu anafaa. Yupo aliyekufa vibaya, yupo aliyeondoka na kinyongo, hao hawarudishwi. Bibi ndiye pekee aliyebaki akijua nani ni nani. Aliongea Kizanaki karibu saa nzima, jina baada ya jina, kila moja na habari zake. Kizanaki changu ni cha salamu na cha kutumwa dukani. Sikushika hata robo, wala sikuhangaika, kwa kuwa yote yalikuwa ndani ya simu.

Dada aliomba nimtumie. Nikamwambia asubiri kidogo, nataka kwanza niondoe kikohozi cha bibi na kelele za mbuzi, sauti ikae vizuri. Akaomba tena. Nikamwambia bado. Bibi akafariki, tukamzika, na mimi nilikuwa sijaridhika na dakika fulani za katikati ambapo sufuria lilianguka.

Baada ya msiba nilikwenda Bunda kumsaidia dada kazi za nyumbani, maana tumbo lilishakuwa kubwa. Niliinama kuchota maji kwenye pipa, simu ikachomoka mfukoni mwa shati, ikazama hadi chini. Nilipoitoa ilikuwa imezima. Dada alivaa kandambili, akaniongoza hadi kwa fundi simu wa mtaani kwao.

"Lete niifungue sasa hivi," fundi alisema, bisibisi tayari mkononi. "Nikipitisha spiriti kwenye bodi, jioni unaongea."

Niliufunika muhuri kwa kidole gumba. "Hapana. Ina ulinzi wa duka. Ukifungua wananikataa."

"Ulinzi!" Alicheka hadi jirani yake akageuka. "Kaka, maji hayasomagi karatasi. Yanakula tu."

"Mpe," dada alisema. "Shida yetu ni simu au ni bibi?"

"Dada, mimi nimesoma masharti. Wewe hujayasoma."

"Haya, msomi. Si ndiye unayejuaga kila kitu."

Niliirudisha simu mfukoni. Kesho yake niliifikisha dukani Musoma, muhuri mzima kabisa. Waliipokea, wakanipa risiti, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Wiki zile sikulala vizuri, lakini nilijiambia nimefanya kila jambo kwa utaratibu. Niliamini utaratibu ungenirudishia bibi.

Niliporudi, dada wa dukani alinisogezea boksi jipya, akitabasamu.

"Hongera. Wengi wanakataliwaga, unakuta fundi ameshagusa. Wewe umefuata kila kitu."

"Na ile yangu?"

"Bodi ilishaoza, maji yalikaa sana. Ndiyo maana tumekubadilishia. Ya zamani inabaki kwa kampuni."

"Ina rekodi ndani."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Vya ndani havimo kwenye ulinzi, kaka. Imeandikwa kwenye karatasi."

Ni kweli imeandikwa. Ukurasa wa pili, nimeupigia mstari mwenyewe. Siku ile niliusoma nikaona ni sharti la kawaida, kwa sababu simu ilikuwa mpya na haikuwa na chochote cha kupotea. Sikulirudia baada ya kumrekodi bibi. Nilikuwa nimeelewa kila sharti isipokuwa kwamba wao walikuwa wanalinda simu, na mimi sikuwa na shida na simu.

Dada yangu nilimficha. Kila alipouliza nilisema bado iko kwa mafundi. Kisha, asubuhi moja, alinipigia kutoka hospitali, sauti imechoka na ina furaha.

"Amekuja. Wa kike. Haya niambie, bibi alisemaje?"

Nilimwambia rekodi imepotea. Halafu nikasikia mtoto analia, na dada akimbembeleza, "Nyamaza wewe, nyamaza wewe," kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kumwita.