Ufa Chini ya Rangi ya Kucha

Siku niliyochukua rangi ya kucha ya mama yako bila kumwomba, mwanangu, naikumbuka kuliko siku yangu ya kipaimara. Ilikuwa chupa ndogo, nyekundu, na fremu ya baiskeli yangu ilikuwa nyekundu hiyohiyo. Niliitumia kuficha ufa. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo katika mambo ya baiskeli, na nimeona nikusimulie kabla sijajibu swali lako: uachane na baiskeli yako ya aluminiamu ununue ya nyuzi za kaboni, au ubaki nayo?

Nakuita mwanangu kwa sababu mama yako ni dada yangu, ingawa miaka tunayopishana haijai vidole vya mikono miwili. Mjomba ni mjomba. Nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ufundi wa baiskeli nilijifunza peke yangu, kwa simu na kwa kuharibu vitu vyangu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: hana wa kumwambia, "Basi, hapo inatosha." Cheni niliiosha kwa mswaki. Baiskeli niliining'iniza kwenye mizani ya kahawa ya babu yako, nikaipima, nikavua kengele, nikapima tena, nikavua madigadi, nikapima tena. Nikipandisha vilima vya Mpepai nikaishiwa pumzi, sikusema nimechoka. Nilisema aluminiamu ni nzito.

Halafu baiskeli ikaanza kulia. Kila nikikanyaga kwa nguvu inasema kii, kama mlango wa ghala. Nikaigeuza, nikaifuta, nikaona mstari mwembamba kama unywele, kule chini mabomba yanapokutana karibu na pedali. Chuma kikichoka mara nyingi hupinda, kikakuonya. Aluminiamu huchoka kimya, siku moja ikaachia. Nilimpelekea mchomelea mageti pale mjini Mbinga, akaiangalia mara moja tu. "Mdogo wangu, moto wangu ukiigusa hii itayeyuka kama mshumaa."

Ningeweza kuwaambia watu kwamba baiskeli imepasuka. Sikuweza. Mimi, wa kuosha cheni kwa mswaki? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliziba: mipako mitatu ya rangi ya kucha, kila mmoja nikausugua kwa msasa laini. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Wiki hiyohiyo nikapata habari za Mwalimu Haule, mstaafu anayeishi kule chini ziwani, karibu na Mbamba Bay. Mwanawe aliyehamia mbali alimwachia baiskeli ya mashindano ya kaboni. Mzee hakuwa na kazi nayo, maana haina pa kufungia keria. Alitaka baiskeli ya kubebea mahindi kwenda mashineni na kumpakia mkewe kwenda kanisani, kule juu mlimani. Yangu ilikuwa na matundu ya keria. Akasema tubadilishane, baiskeli kwa baiskeli. Nikajiambia hii ni bahati. Sikujiuliza ni bahati ya nani.

Nilifunga keria, nikashuka Jumamosi asubuhi, breki mkononi njia nzima, masikio yote kule chini kwenye pedali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Ninyi Wamatengo ni watu wa ajabu. Mnachimba mashimo ya ngoro mlima mzima ili udongo usiteremke, halafu wenyewe mnateremka huku kama mawe."

Mkewe akacheka kutoka jikoni. Kaboni ilikuwa imeegeshwa ukutani, nyeusi, safi. Niliiinua kwa mkono mmoja tu. Nilikuwa tayari nimeshakuwa mtu mwingine, mtu asiyechoka Mpepai.

Mwalimu akaizunguka ya kwangu polepole. Akasifu rangi. Kisha akasema, "Huku kwetu mtumbwi hauuzwi nchi kavu. Mwenye kuuza anakaa mbele, mnunuzi nyuma, mnatoka mpaka kasia lisiguse chini. Mkirudi wakavu ndipo mnashikana mikono. Basi na baiskeli hii iende majini. Mpakie mama mpaka kanisani, ushuke naye. Ukimrudisha mzima, chukua kaboni yako."

Mama Haule akatoka akifunga kitenge. "Mwalimu amekwambia mimi ni gunia la mahindi? Amekudanganya, mwanangu. Mimi ni magunia mawili na debe juu."

Akaketi kwenye keria, akanishika shati. Baiskeli ikasema kii.

Mwanangu, nilitazama ile njia. Inapanda kwenye mawe, na kurudi inashuka moja kwa moja hadi kwenye korongo. Nilijua pale pale ufa utakapoachia. Si kupanda, ni kushuka, na yeye yuko nyuma yangu, ameshika shati langu. Na kaboni iko hatua tano kutoka nilipo. Nikabaki nimeshika usukani, mguu mmoja chini.

"Twende basi," akasema, "au umeniona mzito kweli?"

"Mama, shuka," nikasema. "Naomba ushuke. Imepasuka."

Akashuka. Mwalimu akachuchumaa, nikamwonyesha mahali, akakwaruza kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ule mstari ukatokea.

"Hii ni rangi gani?"

"Ya kucha, Mwalimu. Ya dada yangu."

Mama Haule akaangua kicheko. "Mbona umepaka vizuri kuliko mimi ninavyopaka zangu!"

Mwalimu hakucheka. Alisimama akishika magoti, akasema bila kupaza sauti: "Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto aliyekosa hesabu sikumgombeza. Kukosa ni kazi ya mwanafunzi. Baiskeli kupasuka si kosa lako, kijana. Lakini ulitaka mke wangu ndiye aje alione kosa lako, tena akiwa mlimani."

Niliomba radhi, nikarudia, nikarudia tena, mpaka mama akaniambia ninyamaze, ugali wa muhogo unapoa. Nilikula nao mezani, ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Mwalimu akanitafutia lori lililokuwa linapanda Mbinga. Baiskeli ikawekwa juu, mimi mbele karibu na dereva. Kaboni niliiacha palepale ukutani, wala sikuiomba.

Sasa swali lako. Kaboni si kitu kibaya, na usimsikilize anayekwambia ni mapambo tu. Nimeshaipanda ya mteja: ni nyepesi, na mitikisiko ya barabara inaimeza. Ukifika mahali miguu yako imeiva na baiskeli ndiyo inayokuchelewesha, inunue bila aibu. Lakini ikigongwa inaweza kuvunjika ndani, nje ikabaki inang'aa, na hapa kwetu sijui fundi wa kuitibu, mimi mwenyewe nikiwamo. Mizigo haiitaki, na wewe kila msimu unambebea bibi yako kahawa. Badilisha tairi kwanza. Jifunze kushuka kona za Kingerikiti bila kubana breki kwa hofu. Panda msimu mzima na hiyo uliyo nayo. Ukiona bado unaitaka kaboni, njoo tuitafute pamoja, na nitafurahi kuliko wewe.

Ila jiulize kwanza kama unakimbilia kitu kizuri au unakimbia kitu unachokionea haya. Mimi sikuwa naitaka kaboni kama nilivyokuwa nataka mtu mwingine auchukue ufa wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo kile hakingekuwa changu. Na siku utakapouza hiyo ya aluminiamu, au kubadilishana, au hata kumpa mtu bure, usimkabidhi baiskeli ambayo usingempakia mama yako ukashuka naye mlima.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na ulimi usioogopa, akushushe salama kila mlima utakaoupanda, na wanaokushika shati nyuma wafike nawe.

Mama yako nilimnunulia chupa mpya, nikamweleza sababu. Mwalimu Haule nilimtafutia baiskeli ya chuma, nikampakia mkewe mpaka kanisani na kushuka naye kabla hajaipokea. Bado naosha cheni kwa mswaki, hilo limenishinda. Lakini nikikuta ufa kwenye baiskeli ya mtu, au kwenye ya kwangu, nauzungushia chaki nyeupe na kumwita mwenyewe auone.