Kimto cha Mahameli Chini ya Antena

Shemeji yangu Twahiru alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, na nyumbani kwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na nguo yake, thermosi ina koti, hata ndoo ya maji ilifunikwa kitambaa cha lesi. Alipohamia Kabeza akanunua kamyoneti, gari dogo la mizigo, kuukuu ya Peugeot, viti vilivishwa kabla gari halijatiwa mafuta. Nilimcheka, mimi dada wa mkewe, naye hakujali.

Mwaka 1986 alipata kazi ya kubeba matofali kutoka Masaka, nje kidogo ya mji, kwa mkandarasi mmoja. Mimi nilikuwa karani wa stoo ya mkandarasi huyo pale Kabeza, na stoo ilikuwa na redio ya kuwaitia madereva. Kila dereva alipewa redio ya garini, ila antena alijinunulia. Wengine walichukua yoyote. Twahiru hakutaka mzaha, kwa sababu dada yangu Swafiya, mkewe, alikuwa na mimba kubwa.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akafa siku hiyohiyo, baba yake akiwa Gitarama kupeleka sare za shule. Kwetu baba ndiye humwadhinia mtoto sikioni, na yule alizikwa bila kuisikia sauti ya baba yake. Tangu hapo Twahiru aliacha safari za mbali.

"Shemeji," aliniambia, "uchungu ukianza, niite. Nitageuza gari hata kama iko na matofali nusu."

Tukaenda mjini, dukani kwa Rutayisire. Antena moja ilitaka paa litobolewe. Twahiru akakataa, maana kitambaa ukikikosea unatia kiraka, lakini bati linaota kutu. Nyingine ilikuwa fupi, ya sumaku ndogo, nzuri machoni. Rutayisire akasema milima ya huku itaimeza sauti yake. Akatoa ndefu, yenye sumaku pana kama kisahani.

"Chukua hii, mzee. Weka katikati ya paa, juu ya chuma tupu. Usitie kitu chini yake, hata karatasi."

"Nimesikia," akasema Twahiru.

Alisikia kweli. Ila jioni, alipoiona ile sumaku nzito juu ya rangi aliyoing'arisha mwenyewe, mkono wa fundi ukamwasha. Akashona kimto cha mahameli, akakijaza pamba, akakiweka chini yake. Nilimkumbusha alivyokatazwa. Akanijibu kwamba mahameli si karatasi. Tukajaribu redio pale mlangoni kwa stoo, sauti ikaja safi, nami nikarudi kazini.

Siku ya siku ikafika. Swafiya alikuja stoo asubuhi ameshika kiuno.

"Twahiru, rudi sha, rudi," nikaita. Kimya. Nikaita hadi koo likakauka. Kumbe mashimo ya njia ya Masaka yalikuwa yameiangusha antena, inaburutwa kwa waya wake, na mwenyewe anapakia matofali hana habari. Kwa hasira nilitaka kuivunja ile redio.

Mkunga, Nyirahabimana, alimzalisha katika chumba cha nyuma ya stoo. Msichana, analia vizuri. Nikafungua mdomo nishukuru, Swafiya akanishika mkono. Akagusa sikio la mtoto, kisha akaonyesha mlango. Tukaelewa: sauti ya kwanza iwe ya baba yake. Mimi, ambaye Kabeza nzima inaujua mdomo wangu, nikanyamaza. Mkunga akaomba maji kwa ishara. Majirani walioleta uji niliwazuia nje kwa macho. Jua likapinduka, matofali hayaji.

Twahiru akaingia na vumbi lake. Alipotukuta wanawake watatu tumekaa, hakuna anayesema, akauegemea mlango. Kimya cha chumba cha uzazi alikuwa anakijua tangu aliporudi kutoka Gitarama. Swafiya akafunua kanga. Mtoto akapiga mwayo.

Aliosha mikono, akamchukua. "Allahu Akbar," akaanza, sauti ikakatika. Akaanza upya, polepole, mpaka mwisho. Alipomaliza Swafiya akalia kwa sauti, nami nikampa shemeji yangu matusi yote niliyokuwa nimeyashikilia tangu asubuhi.